Filimbi

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu mkoani Mbeya, saa 11 na nusu alfajiri nilipuliza filimbi na wanachuo wakatoka mchakamchaka, hata katika baridi ya Julai. Niliwasimulia habari za John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti kule Mexico mwaka 1968, akamaliza marathoni wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Nilisimulia kana kwamba nilikimbia naye.

Nilistaafu, nikahamia Iringa. Daktari alipopima shinikizo la damu akaniagiza nitembee kila siku, ndipo nilipotambua kwamba mimi mwenyewe sikuwahi kutoka bila filimbi.

Juma la kwanza nilipanda hadi jiwe la Gangilonga. La pili ikanyesha, akaja mgeni, kisha ukatokea msiba Mbeya, siku 9. Niliporudi nikasema basi, nimeshindwa. Mwanachuo akiniletea udhuru kama huo ningemrudisha uwanjani. (Nilikuwa mkali, nakiri.)

Mama watoto hakunihubiria. Alinituma dukani kwa miguu nikanunue chumvi. Kesho yake, kiberiti. Siku ya tatu nililipita duka nikaendelea mpaka chini ya jiwe.

Tangu hapo nimeacha mara nyingi: goti, matanga, wajukuu. Siku nilizotembea mfululizo sizihesabu tena. Nahesabu mara nilizorudi. Mpaka sasa ni 14. Leo mvua imenyesha tangu usiku, na chumvi imejaa kabatini. Viatu nimekwisha kuvaa.