Mita, Futari na Foleni

Jumanne, 4 Machi 2025

LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, imekatika wakati wa daku, chai haijachemka. Nimenunua ya elfu kumi kwa simu, gizani, zikaja uniti 23 na ushei. Mwanzo wa mwezi kodi ya jengo huchotwa kwanza, shilingi 1,500, kisha VAT asilimia 18, tozo ya REA ya umeme vijijini asilimia 3 na ya EWURA, mdhibiti wa nishati, asilimia 1. Ukiacha kodi ya jengo na kujumlisha hayo mengine, uniti moja inanifikia kwa kama shilingi 356. Jirani yetu wa ukuta mmoja analipa kama 122, kwa kuwa hazidishi uniti 75 kwa mwezi. Sisi mpaka huo tuliupita siku mama mkwe alipohamia na friji lake.

Baba watoto kapita nyumba nzima akizima taa na kuchomoa chaja za simu, huku anaguna. LUKU ikiisha, za kulaumiwa ni taa.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA imetoa bei kikomo za mafuta. Ofisini hapakuwa na mazungumzo mengine mpaka adhuhuri.

Jumamosi, 8 Machi

Mita yetu iko nje ukutani, ina taa ndogo nyekundu inayomweka, na pembeni imeandikwa 1000 imp/kWh. Maana yake ikimweka mara elfu moja, uniti moja imekwenda. Leo nimezima kila kitu ndani, tukawa tunawasha kimoja kimoja: binti ameshika saa ya simu, mimi nahesabu.

Taa ya barazani ni LED ya wati 9. Tulisimama juani karibu dakika saba tukingoja mweko mmoja, hadi binti akauliza kama mita imekufa. Pasi ya wati 1,200 ikamweka mara 20 kwa dakika. Birika la umeme la wati 2,000 likafika 33, hesabu karibu inipotee. Friji likinguruma ni mara mbili tu kwa dakika, ila friji halijui Jumapili wala sikukuu.

Jioni nimekaa na kikokotoo. Taa ile ikiwaka saa kumi na mbili za usiku inakula kama shilingi 38. Birika lililojaa, lita 1.7, likichemshwa mara moja linakaribia shilingi 60, na mara nyingi tunalijaza kwa ajili ya kikombe kimoja cha baba watoto. Nimemwonyesha. Amesema kikokotoo changu kina betri mbovu.

Kwa hiyo mwizi ni joto. Chochote kinachopasha au kinachohamisha joto ndicho kinachokula: pasi, birika, hita ya bafuni, kiyoyozi, friji. Chaja na taa tunazigombea kwa sababu zinaonekana.

Jumapili, 9 Machi

Tumelivuta friji kutoka ukutani. Joto linalotolewa ndani hutokea nyuma, na pale nyuma palikuwa na vumbi na mifuko ya plastiki ya tangu enzi. Nimebana noti kwenye mlango, nikaivuta: ikatoka bila ubishi. Mpira umechoka. Mama mkwe naye huingiza sufuria ya futari ikiwa bado inafuka mvuke, ila hilo mwanawe ndiye atakayemwambia, si mimi.

Nguo za shule sasa tunapiga pasi Jumapili zote kwa pamoja. Pasi ikishapata moto, iutumie huo moto.

Jumapili, 16 Machi

Leo zamu ya gari. Kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva kimeandikwa Kijapani, ila tarakimu hazina lugha: 220 kPa, ambayo kwenye geji ni kama 32. Nimepima asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi likishapata moto geji hukudanganya. Ya nyuma yalikuwa 24. Kijana wa kujaza upepo alitaka kupiga 40 yote, "itateleza vizuri, dada." Nimesema 32. Tairi laini hujikunja kila linapozunguka, na kule kujikunja ni joto, yaani petroli.

Nikiwaza hivi, gari lote ni jiko. Petroli inayogeuka kuwa mwendo ni kama robo au theluthi, nyingine inatokea kwenye rejeta na ekzosi. Na hicho kidogo kilichosukuma gari tunakichoma tena kwenye breki.

Jumatano, 19 Machi

Kushuka kutoka Kimara kwenda Ubungo madereva wengi huweka nyutro, wakiamini wanaokoa mafuta. Kwa gari la kabureta la zamani sawa. Haya yetu ya injekta, ukiacha gia ilipo na kutoa mguu, kompyuta hufunga mafuta na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro injini inabaki kwenye silensa, yaani inanguruma bila mzigo, na silensa inataka mafuta. Tena breki zote unazibebesha zenyewe mteremko mzima.

Leo niliona taa nyekundu mbali, nikatoa mguu mapema. Daladala ya nyuma ikanipigia honi, ikanipita kwa hasira, tukakutana kwenye taa.

Jumamosi, 22 Machi

Shemeji katuazima jiko la presha la umeme. Anasema umeme sasa upo tele, Bwawa la Nyerere ni megawati 2,115, ya nini kubana? Nimemjibu bwawa halininunulii LUKU.

Nilidhani jiko hili litanitoa machozi, maana ni joto tupu. Maharage yaliyolowekwa tangu asubuhi yameiva vizuri kwa chini ya nusu uniti, haifiki shilingi 180. Mkaa wa sufuria ile kwa hela hiyo hapa mtaani hupati. Joto limefungiwa ndani, likafanya kazi yake. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Wangeanza na kuwaonyesha watu mita.

Mama mkwe kaonja, kanyamaza, kaongeza. Kisha akasema mihogo ya nazi itabaki kwenye mkaa. Sikubishana.

Alhamisi, 27 Machi

Fundi friji anataka elfu ishirini na tano kwa mpira. Nimemwambia elfu kumi na tano na aje kabla ya Idi, kwa sababu shemeji anashusha nusu mbuzi.