Pikolo ya Mpingo

Mtu wa pwani anaposikia jina la Mapera huenda akafikiri ametajiwa bustani ya matunda. Mapera ya Mbinga ni nchi ya kahawa. Iko katika milima ya Umatengo, ambako wakulima huchimba ngolo, yale mashimo yanayopangwa ubavuni mwa mlima ili mvua isiondoke na udongo, na ambako Juni na Julai ukungu hukawia mabondeni hata jua likapanda. Ashukaye kutoka huko kwenda Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, huiacha baridi na kuingia katika joto siku hiyo hiyo, kwani ziwa liko chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari na milima hiyo hupita mita 1,300. Kwa msafiri wa kawaida jambo hilo huishia katika kuvua koti. Kwa aliyebeba pikolo ya mpingo, mteremko huo waweza kumtia hasara ya dola elfu kadhaa.

Pikolo ndiyo filimbi ndogo kabisa ya okestra. Urefu wake ni kama sentimita 32, karibu nusu ya filimbi ya kawaida, nayo hulia oktava moja juu yake. Beethoven aliiingiza katika sehemu ya mwisho ya Simfoni yake ya Tano, iliyosikika mara ya kwanza mjini Vienna mwaka 1808, na bendi za kijeshi nazo ziliipenda kwa kuwa sauti yake hupenya ngoma na tarumbeta. Ni chombo kisichokuwa na pa kujificha. Mpiga fidla wa kumi akikosea huenda asijulikane. Mpulizaji wa pikolo akikosea, ukumbi mzima hugeuza shingo. Ndiyo maana aliyekusudia kuipuliza kwa dhati hawezi kununua yoyote inayong'aa dirishani.

Ziko za fedha au za madini yaliyopakwa fedha, ziko za plastiki ngumu, na ziko za mbao. Ya madini ni kali na hufaa gwaride. Ya plastiki haijali mvua wala jua, na kwa mwanafunzi, au kwa apulizaye nje, hiyo si aibu hata kidogo. Ama apulizaye ndani ya ukumbi, pamoja na wengine, aghalabu hufikia mbao, na mbao hiyo karibu daima ni mpingo.

Mpingo haupendi baridi ya Mapera. Makao yake ni miombo mikavu ya mashariki, Tunduru na kuendelea hadi Lindi na Kilwa. Hukua polepole mno: mti wa kufaa kwa ala za muziki huhitaji miaka 70 na kuzidi, na gogo likishapasuliwa, sehemu kubwa hutupwa kwa nyufa, mafundo na kupinda. Kiini chake ni kizito hata hukitupa majini kikazama. Uzito huo, na mafuta yaliyomo ndani yake, ndivyo vinavyomwezesha fundi wa Boston au wa Markneukirchen kuchonga ndani ya kijiti kile njia nyembamba yenye kuta laini kama kioo, isiyonyonya unyevu kwa urahisi. Lakini fundi mwema hachongi mara apokeapo mbao. Huiweka ikauke kwa miaka. Mnunuzi na aulize swali hilo kabla ya kuuliza bei, maana mbao iliyoharakishwa hupasuka, na ufa haumtambui mwenye jina kubwa.

Watu wa mwambao wa Nyasa wangeelewa swali hilo upesi. Ngoma yao ya mganda, iliyozaliwa kwa kuiga bendi za askari kama ilivyozaliwa beni ya pwani, huchezwa kwa mistari ya gwaride, na tarumbeta zake ni vibuyu vilivyozibwa kwa utando mwembamba wa buibui. Mchezaji huimba ndani, utando ukatetema, kibuyu kikanguruma. Ajuaye kibuyu hautazami ukubwa wake, hutazama utando. Kwa pikolo, mahali pa kutazama ni ukingo wa tundu la mdomo. Humo ndimo pumzi hukatwa ikawa sauti, na ukingo uliochongwa vibaya hausahihishwi na vitufe vya fedha wala na sanduku la ngozi.

Basi mnunuzi aijaribu kwa noti za juu zikipulizwa kwa upole, kwani kwa nguvu kila pikolo hulia. Mi ya juu na sol kali ndizo zinazoumbua. Aweke karatasi nyembamba chini ya kila kifuniko cha tundu na kuivuta taratibu: ikitoka bila kushikwa, hewa inavuja. Na maadamu fundi wa vyombo hivi hapatikani Mbinga, wala si rahisi kumpata Unguja, mitambo michache iliyo imara ni bora kuliko mingi yenye madoido. Hewa ya chumvi ya pwani huifanya fedha kuwa nyeusi upesi. Afadhali kuifuta kila siku kuliko kuisugua kwa dawa kila mwezi.

Ikishanunuliwa, haipulizwi saa nzima. Wiki za mwanzo ni dakika chache kwa siku, kisha ikaushwe ndani kwa kitambaa. Asubuhi ya baridi huwekwa kwanza kwapani au viganjani ipate joto kwa nje, kwani pumzi ya moto ndani ya mbao baridi ndiyo mpasuaji mkubwa.

Tangu Januari 2017 mpingo umo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe adimu, na Novemba 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa ziliondolewa vibali hivyo, hata mpulizaji akapumua mipakani. Magogo hayakuondolewa. Huko Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha misitu inayosimamiwa vyema, kwa msaada wa Mpingo Conservation and Development Initiative, ili mti wao uuzwe na wenyewe na kwa hesabu. Mnunuzi aliyekwisha kuuliza mbao ilikauka kwa miaka mingapi anaweza kuuliza pia ilikatwa msitu wa nani. Wauzaji wengi hawajaizoea suali hiyo, na wengine hubadilisha mazungumzo wakaanza kusifu sanduku.