Kumbe si kiburi

Aliyezaliwa Mambrui hafundishwi salamu. Huikuta tu, kama anavyoikuta bahari. Kutoka nyumbani kwetu hadi dukani hapafiki hatua mia mbili, lakini kabla hujafika umeshaulizwa hali yako, ya mamako, ya nduguzo na ya yule aliyeko Mombasa, na wewe umeshauliza vivyo hivyo. Asiyejibu sawasawa hana adabu.

Mimi nilikuwa nikipita njia ya nyuma, ya pwani, iliyo ndefu zaidi. Si kwamba niliwachukia watu, la hasha! Kila salamu ilikuwa mtihani kwangu, na majibu nilikuwa nikiyakariri kama mtoto wa chuoni anavyokariri sura. Mtaani nikaitwa mwenye kiburi. Jambo moja tu lilinisitiri, nalo ni kwamba sikuweza kumtazama mtu machoni. Kwa mtoto wa kike hapa kwetu, hiyo huitwa haya, na mwenye haya husifiwa. Wataalamu wanasema wasichana wengi hupita bila kutambuliwa kwa kuwa huiga wenzao mpaka wakaonekana sawa nao. Mimi ni shahidi.

Nina miaka 36. Niligundua nina usonji nilipokuwa na miaka 34.

Usonji ni kitu gani? Si wazimu, wala si ugonjwa wa kuambukiza. Ni namna ubongo unavyokua tangu mtu yu tumboni mwa mamake, na urithi wa damu una sehemu kubwa. Daktari Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 wa aina hii huko Marekani mwaka 1943, na mwaka uliofuata Hans Asperger akaandika juu ya wengine kule Vienna. Mtafiti Victor Lotter naye aliwatafuta katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, akachapisha mwaka 1978 kwamba wako. Shirika la Afya Duniani linakisia kuwa mwaka 2021, mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Watoto hao hukua, msomaji. Huoa, huolewa, huajiriwa, na wengine huandika magazetini.

Kazi hii ndiyo iliyonifumbua macho. Nilitumwa kuhojiana na mama mwenye mtoto wa aina hiyo. Alikuwa akinisimulia vile mwanawe asivyokubali mbaazi ziguse hamri kwenye sahani, vile anavyoziba masikio tuktuk ikipita, na mimi nikawa ninaandika huku mkono unatetemeka. Ilikuwa kana kwamba mtu amempasha habari zangu.

Hadi leo mbaazi zangu hukaa bakuli lake. Harusini hutoka nje mara tatu nne nikapumue. Maulidi yetu yanapojaza mji wageni, matari nayapenda mno, maana mpigo wake una mpango na unajua pigo lijalo. Kinachonishinda ni watu mia kuzungumza kwa pamoja. Lakini nipe makaratasi ya bajeti ya kaunti, nitakaa nayo toka isha hadi usiku wa manane, na tarakimu iliyokosewa haitanipita. Mhariri wangu huniita mashine. Sijamwambia kwa nini.

Mtaalamu niliyemwendea Mombasa alitaka kuzungumza na mtu aliyenijua utotoni. Nikamchukua mamangu. Akaeleza nilivyokuwa nikipanga simbi ukutani kwa ukubwa wake, na mtu akisogeza moja tu, nalia mpaka alasiri. Akaeleza nilivyokataa kubebwa. Kisha akatoa jambo ambalo hakuwahi kunitajia: aliambiwa kwamba alipita pwani wakati wa magharibi akiwa na mimba yangu, na hapo ndipo niliposhikwa na pepo. Nilinyweshwa kombe, nikafungwa hirizi, pepo akapungwa na mbuzi akachinjwa. Miaka zaidi ya thelathini alijua kosa ni lake, na akanyamaza nalo.

“Basi si mimi?” akauliza.

“Si wewe, mama,” akajibiwa.

Hakusema neno njia nzima. Tulipofika daraja la Sabaki akanigeukia: “Na yule mjomba wako marehemu, aliyekuwa akila peke yake?”

Hakuwa peke yake katika imani ile. Watafiti waliowahoji wazazi na wahudumu wa Kilifi na Mombasa walichapisha matokeo yao mwaka 2015. Walitajiwa pepo, uchawi na laana, na papo hapo wakatajiwa maradhi na matatizo ya uzazi. Mzazi yule yule huenda kwa mganga, akaomba dua, kisha akapanga foleni hospitalini. Mimi simlaumu. Anayeona mwanawe hasemi atagonga kila mlango ulio karibu, na wa mganga ndio usiofungwa usiku.

Jina hili halina dawa ya kumeza, wala silitafutii. Lakini lina gharama zake. Jamaa mmoja alinisihi nisiyaandike haya, kwani dadangu ana posa, na wakwe wakisikia neno “urithi” watarudi walikotoka. Hoja yake ilinikosesha usingizi. Nikampelekea dadangu, naye akasema atakayekimbia na akimbie mapema. Mamangu akasema, “Andika.”

Tangu hapo mamangu ndiye mwenye kunisemea. Wageni wakija na mimi nisitoke chumbani, huwaambia, “Mwacheni, atatoka.” Na mwezi uliopita alifanya jambo jingine. Mtaani petu kuna mtoto wa miaka minne ambaye bado hajasema, na nyanyake ameshaanza kuambiwa habari za pwani na magharibi. Mamangu alipika mahamri, akayafunika kwa kitambaa, akaenda akakaa kwao mpaka adhana ya isha. Baba mtoto hajakubali. Asema mwanawe ni mzima. Mama mtoto amekubali. Jumanne tunakwenda nao hospitali ya Malindi, na mamangu ameshaniambia nisijisumbue kuongea, kwamba yeye ndiye atakayesema.