Vitabu Nilivyomsomea Mama

Mwisho wa mwaka kila mtu huhesabu mavuno yake. Mkulima wa Tetu huhesabu kilo za majani ya chai alizozipeleka kiwandani. Mchuuzi wa Karatina huhesabu faida na hasara. Mwanafunzi huhesabu alama zake. Mimi ni mwalimu, sina shamba kubwa wala duka. Mavuno yangu ya mwaka uliopita yalikuwa vitabu vinne na filamu mbili. Ni haba, na wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mmesoma zaidi ya hapo. Lakini sijapata kuona mwaka mwingine ambao kusoma kulinigharimu na kunilipa kama huo, na kwa sababu hiyo napenda kuwasimulia.

Mama yangu, ambaye umri wake umepita miaka 80, alikuwa akiishi peke yake kijijini. Mwezi wa Januari jirani yake alinipigia simu akaniambia kwamba amemkuta akimimina chai kando ya kikombe. Mtoto wa jicho alikuwa amefunika macho yake yote mawili. Nilimleta kwangu mjini Nyeri angoje zamu yake ya kupasuliwa, na zamu hiyo ilikuwa mbali, miezi saba mbele. Mama si mtu wa kukaa bure. Alizoea kusoma Biblia yake ya Kikuyu kila jioni, na sasa kurasa zilikuwa kwake kama mashamba yetu chini ya ukungu wa Julai. Siku ya tatu aliniambia, "Baba, wewe ulisomeshwa. Nisomee."

Huniita baba kwa sababu mimi ni mwanawe wa pili wa kiume, na kwa desturi yetu mtoto huyo hupewa jina la babu mzaa mama. Nililibeba maisha yangu yote jina la mtu ambaye sikupata kumwona, na ambaye mama hakupata kunisimulia habari zake. Nilipokuwa mtoto niliuliza mara mbili. Mara ya pili nilipewa jembe, nikaambiwa kwamba magugu hayangoji.

Nilifikiri kwamba mtu asiyeona hupendezwa na njia anazozijua. Basi nikaamua kuchagua vitabu vinavyohusu nchi aliyoitembea kwa miguu yake, na vile vya Kiingereza nikawa navifasiri kwa lugha yetu nikiendelea kusoma.

Kitabu cha kwanza kiliandikwa na Mwitalia, Felice Benuzzi. Katika Vita vya Pili vya Dunia yeye na wenzake wengi walitekwa Uhabeshi, wakafungwa katika kambi karibu na Nanyuki. Kila kulipokucha mawingu yakitoka aliuona Mlima Kenya juu ya seng'enge, na moyo wake ukakataa kuoza pale. Mwezi wa Januari 1943 alitoroka pamoja na Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti. Hawakutoroka ili warudi kwao. Walitoroka ili wapande mlima. Vifaa vyao walivitengeneza kwa siri kutokana na vyuma vilivyotupwa, na mojawapo ya ramani zao ilikuwa picha ya mlima katika karatasi ya kopo la chakula. Barsotti aliugua akabaki chini. Wawili waliobaki walijaribu kilele cha Batian, chenye mita 5,199, wakashindwa. Kisha wakafika Lenana, chenye mita 4,985, wakasimika bendera yao. Halafu wakashuka, wakajirudisha wenyewe kambini, wakatiwa katika vyumba vya adhabu.

Mama alicheka mpaka akafuta macho. "Watu wazima hawa! Walitoroka, kisha wakarudi?" Baadaye alinyamaza kidogo akasema, "Ni kweli lakini. Hata sisi tulikuwa tukiutazama mlima huo kutoka ndani ya handaki." Nilidhani amechanganya maneno, nikafungua ukurasa mwingine. Leo naona aibu ninapokumbuka kwamba nilikuwa na haraka ya kumaliza sura.

Mwezi wa Aprili nilimsomea maisha ya Wangari Maathai kama alivyoyaandika mwenyewe katika kitabu kiitwacho Unbowed, kilichotolewa mwaka 2006. Wangari alizaliwa Ihithe, hapa Nyeri, mwaka 1940. Mwaka 1977 alianzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Lakini hayo mama aliyajua kutoka redioni. Lililomgusa ni jambo dogo. Wangari anasimulia kwamba karibu na kwao palikuwa na mti wa mugumo, na mamake alimkataza kuokota kuni zake kwa sababu ulikuwa mti wa Mungu. Karibu na mti huo palitoka chemchemi, na ndani ya maji mtoto yule aliona mayai ya vyura, akayadhani ni shanga, akataka kuyavaa shingoni; kila alipoyashika yalivunjika. Aliporudi kutoka masomoni Marekani aliukuta mugumo umekatwa na chemchemi imekauka.

"Mimi nami niliyashika," mama akasema, akainua vidole vyake kama mtu anayechota kitu chenye utelezi. Jioni ile hatukusoma zaidi. Alinihesabia vijito vyote vya utoto wake, kimoja kimoja kwa jina, na vingi vya hivyo havipo tena. Nilimfundisha mama yangu? La. Kitabu kilifungua mlango, na yeye ndiye aliyepita.

Nikajivuna, nikaona sasa naweza kumsomea chochote. Mwezi wa Juni nilitwaa Mzalendo Kimathi, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Raphael Kahaso mwaka 1978. Inahusu kesi ya Dedan Kimathi, aliyekamatwa Oktoba 1956, akahukumiwa katika mji wetu huu wa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa pasipo alama. Katika tamthilia hiyo yumo mwanamke mmoja anayeficha bunduki ndogo ndani ya mkate.

"Mkate waliupata wapi?" mama akauliza. Kisha, bila kugeuza uso, akaanza kusema. Alikuwa na miaka 12 wakati huo. Hakubeba mkate, alibeba chumvi na dawa zilizofungwa kitambaani, chini ya viazi vitamu, ndani ya kiondo, akaviacha penye kisiki alichoelekezwa. Siku moja ya mwaka 1954 wanaume waliitwa barazani, wakapandishwa lori. Baba yake alimpa kofia yake aishike mpaka atakaporudi. Hakurudi. Baada ya majuma machache nyumba zao zilichomwa, wakahamishiwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa ncha, na mlangoni walisimama homgadi. Kofia iliteketea pamoja na nyumba. "Niliambiwa niishike," alisema, "nami sikuishika."

Hapo ndipo nilipofahamu neno lake la mwezi wa Februari. Katika miaka ile ya Hali ya Hatari watu zaidi ya milioni moja wa nchi hii ya mlima waliwekwa katika vijiji vya namna hiyo. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi habari hizo mara nyingi ubaoni, na tarehe zake nilizijua kwa moyo. Sikujua kwamba nilikuwa nimelala na kuamka katika nyumba moja na mtu aliyeyapitia akiwa na kofia mkononi.

Tulimaliza kitabu kile, nikamwuliza anakionaje. "Ni kizuri," alijibu. "Lakini humo kila mtu anajua la kusema. Sisi hatukujua la kusema." Nimewasikia wasomi wengi wakiihukumu tamthilia hiyo, lakini sijasikia hukumu yenye haki kuliko hiyo. Waandishi wake walitaka kumrudishia Kimathi sauti aliyonyimwa mahakamani, na sauti hiyo ilipasa iwe kubwa. Mama naye alikumbusha kwamba waliokuwa wadogo walishuhudia mambo hayo wakiwa kimya. Maneno yote mawili ni ya kweli, na mwenye kusoma vizuri huyapokea yote mawili.

Baada ya siku hiyo mama hakuomba kusomewa. Alikula kidogo, akalala mapema. Dada yangu alipokuja na kusikia yaliyotokea alinikemea: "Mama ameishi na jambo hilo miaka 70 bila kulalamika, nawe unamfukulia huzuni kwa ajili ya vitabu vyako!" Sikuwa na jibu. Nilivirudisha vitabu rafuni, nikaona kwamba pengine nimetenda kosa lisilo na dawa.

Mwezi wa Julai, siku ya soko, nilikuta Karatina kitabu kilichochakaa kati ya vitabu kuukuu vilivyotandazwa chini: Kaburi bila Msalaba cha P. M. Kareithi, hadithi ya vita vya Mau Mau iliyotolewa mwaka 1969. Nilikinunua kwa ajili yangu mwenyewe, nikakificha mkobani. Lakini mama alisikia mchakacho wa karatasi. Aliuliza ni kitabu gani. Nilisitasita, nikamtajia jina.

Alikaa kimya kitambo. Akasema, "Kifunge. Hicho nakijua." Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, alinieleza babu yangu alivyokuwa: kwamba alikuwa mfupi, kwamba alipiga chafya sana asubuhi, kwamba alikuwa hodari wa kufuga nyuki na mvivu wa kulima. Alizungumza mpaka usiku wa manane, na mara kadhaa alicheka. Kitabu hicho hatujakisoma pamoja hata leo. Kinangoja rafuni. Walakini nakihesabu katika mavuno yangu, maana jina lake peke yake lilifanya kazi ambayo vitabu vizima hushindwa kuifanya.

Agosti zamu yake ilifika, akapasuliwa jicho la kulia. Bandeji ilipotolewa, jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba nimezeeka. Kwa kuwa macho yalihitaji kupumzishwa na maandishi madogo, tukageukia filamu katika kompyuta yangu.

Ya kwanza ilikuwa Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, isiyozidi nusu saa. Ni hadithi ya siku zijazo, wakati maji yamekwisha duniani na watu wanaishi wamejifungia ndani. Msichana aitwaye Asha anapata udongo ulio hai, anaotesha mbegu, kisha anatoroka na mche wake kwenda jangwani, anaunywesha maji yake ya mwisho na kuukinga na jua kwa mwili wake. "Huyu amemsikia Wangari," mama akasema. Nami nikamwambia kwamba ni kweli, kwa maana mtengeneza filamu huyo huyo alitengeneza pia filamu ya maisha ya Wangari.

Ya pili ilikuwa Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018. Msichana Jo ni mgonjwa asiye na tumaini la kupona, naye hupenda sinema za mashujaa wanaoruka angani. Dada yake anawashawishi wanakijiji wote wamsaidie Jo aamini kwamba naye ana nguvu za namna hiyo, lakini mama yao anaogopa, anataka mtoto akae ndani, asiumie. Nilidhani mama yangu atampenda yule msichana. Kumbe alimtazama yule mama wakati wote. Filamu ilipokwisha alisema polepole, "Anamfungia kwa sababu anampenda. Hata mimi nilikunyamazia hivyo. Nilitaka uwe na jina la baba yangu, usiwe na mzigo wake."

Basi lile jembe nililopewa utotoni nikalielewa. Nilikuwa nimedhani ni hasira. Kumbe ulikuwa ulinzi. Lakini ulinzi huo ulituacha tukiwa wageni wawili penye meza moja. Dada yangu alisema kweli kwamba nilifukua huzuni. Ila huzuni hiyo haikuwa imekufa. Ilikuwa imezikwa hai, na iliyozikwa hai haina budi kufukuliwa, tena kwa mkono wa upole kuliko wangu.

Katikati ya Desemba, asubuhi isiyo na wingu, mama aliomba nimpeleke palipokuwa kijiji chao cha handaki. Dada yangu alikuja pamoja nasi. Hapana kitu pale sasa ila chai, kijani kibichi mpaka bondeni. Mama alionyesha kwa fimbo: hapa mlango, pale handaki, kule njia ya lori. Kisha akainua uso kwa lile jicho lake jipya, akautazama mlima kitambo kirefu, theluji yake ikiwa haba kuliko aliyoikumbuka. Njiani tukirudi aliniuliza, "Baba, mwaka ujao tutasoma nini?"

Enyi vijana mnaosoma vitabu ili mjibu maswali ya mtihani, fanyeni hivyo kwa bidii, kwani ni haki yenu na wajibu wenu. Lakini kimoja katika hivyo kichukueni nyumbani jioni, mkisome kwa sauti mbele ya mtu mzima aliyewalea. Someni polepole kuliko nilivyosoma mimi. Akisema neno msilolielewa, msifungue ukurasa mwingine. Wekeni kidole penye mstari, mwulizeni, na mngoje.