Tumbo Limejaa, Ng'ombe Anakufa

Kwetu Kongwa mvua hukatika Aprili, ikichelewa hufika Mei, kisha hairudi mpaka karibu na Krismasi. Mgeni akipita Agosti anaweza kudhani malisho yapo tele, maana majani yamesimama mpaka magotini, makavu, yenye rangi ya mchanga, uwanda mzima. Ni uwanda uleule ambao Waingereza waliuvamia kwa matrekta mwaka 1947 ili walime karanga. Mpango ukawafia mikononi mwaka 1951, na sehemu ya ardhi ikageuzwa kuwa ranchi ya ng'ombe iliyopo mpaka leo. Kwa karanga walichemsha. Kwa ng'ombe walikuwa na hoja, kwani nyasi za Kongwa ni nzuri kweli, ila uzuri wake ni wa miezi mitano tu.

Nilikua miaka ya 1980, na Oktoba kwetu ilikuwa mwezi wa kuchuna ngozi. Ng'ombe anatoka machungani jioni, ubavu wa kushoto umevimba kwa shibe, lakini mifupa ya nyonga imechomoza na nywele zimesimama. Asubuhi hainuki. Mmoja anashika mkia, wengine wanatia mti chini ya kifua, anasimama akitetemeka, anapiga hatua chache, anaanguka tena. Siku ya tatu tunanoa kisu. Kilichonishangaza utotoni ni tumbo lenyewe likipasuliwa. Limeshindiliwa majani makavu, vipande vya mashina unaviona wazi, kana kwamba vimeingia jana. Nilimuuliza baba inakuwaje mnyama afe njaa na chakula kimo tumboni. Akasema, "Majani ya sasa hayana nguvu." Akaendelea kuchuna.

Dawa ya kiangazi enzi hizo ilikuwa miguu. Vijana waliswaga kundi kaskazini, upande wa Kiteto, wakatafuta mabonde yenye ubichi, wakarudi mvua za kwanza zikinyesha. Ng'ombe wa maziwa na ndama walibaki nyumbani, na hao walikuwa wa bibi. Alitutuma tuokote matunda ya mikungugu, yale maganda yaliyojikunja yanayodondoka chini ya mti, tukayajaza kwenye magunia. Jioni aliyatwanga kidogo na kuwamwagia. Hakuna aliyemfundisha kwamba yana protini, ila aliona maziwa hayakatiki.

Molasi tuliisikia kwa mara ya kwanza kwa bwana mifugo mmoja aliyesomea Mpwapwa, mji ambao shughuli za utafiti wa mifugo zilianza tangu enzi za Mjerumani, mwaka 1905. Aliketi na baba chini ya mti, akaanza somo lake kwa namna iliyotaka kuharibu kila kitu.

"Shikamoo, mzee. Nataka nikwambie jambo. Wewe huwalishi ng'ombe, unawalisha wadudu walio tumboni mwao."

"Marahaba. Wadudu gani? Si juzi tu umeniuzia dawa ya minyoo?"

Ilibidi aanze upya. Katika tumbo la kwanza la ng'ombe, alieleza, wanaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, na ndivyo vinavyolainisha majani magumu. Navyo vinataka kula, na kinachovipungukia kiangazi ni naitrojeni. Majani yakiwa na protini chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vinalegea. Katikati ya kiangazi nyasi zetu hushuka mpaka asilimia 3 au 4. Basi majani yanakaa tumboni bila kusagika, tumbo halipungui, ng'ombe hasikii hamu ya kula tena, huku damu yake haipati kitu. Baba akanyamaza kwa muda mrefu. Naamini alikuwa anayaona matumbo yote aliyowahi kuyapasua.

Tiba yenyewe ilikuwa ya ajabu zaidi, kwa kuwa ilikuwa urea, mbolea ileile ya mahindi. Karibu nusu ya uzito wake ni naitrojeni, asilimia 46. Vijidudu vinaigeuza kuwa protini ya miili yao, kisha vinateremka na kumeng'enywa na ng'ombe mwenyewe. Lakini vinahitaji sukari ili vifanye kazi hiyo, na hapo ndipo molasi inapoingia. Hayo ni masalia meusi, mazito, yanayobaki kiwandani baada ya sukari kutolewa kwenye juisi ya miwa. Ilitoka Mtibwa na Kilombero, na miaka hiyo nauli ya lori ilikula pesa zetu kuliko molasi yenyewe.

Kaka yangu alipasua pipa katikati kwa urefu, akapata mahori mawili. Urea tuliiyeyusha kwanza kwenye maji kidogo ya vuguvugu, ndipo tukaimimina kwenye molasi na kukoroga kwa mti mrefu mpaka mabega yawake moto. Chembe ikibaki bila kuyeyuka ni hatari. Tulianza na kilo 3 za urea kwa kilo 100 za molasi, tukiwapimia kidogo kidogo, tukapanda polepole mpaka kilo 8, kipimo ambacho wafugaji wa Queensland, Australia, wanakitumia sana. Uchungu wa urea ndio breki yake, kwani ng'ombe hulamba, hukunja uso, huondoka, kisha hurudi baadaye. Ndama tuliwafukuza kabisa, maana tumbo lao la kwanza bado halijakomaa. Nyuki nao walikuja kwa maelfu, na mchungaji aliyekuwa zamu alirudi na midomo imevimba, maana alikuwa akilamba kidole.

Wiki mbili hazikuisha kabla baba hajaniita zizini anionyeshe mavi. Kiangazi chote mavi ya ng'ombe wetu huwa magumu kama matofali, yamepangana tabaka kwa tabaka. Haya yalikuwa laini, yamesambaa. "Sasa yanapita," alisema. Kwake huo ulikuwa ushahidi tosha, na hakuuliza tena habari za wadudu.

Hofu tuliipata kwa jirani. Mvua ya ghafla ya Novemba ilinyesha usiku kwenye hori lake lisilo na paa. Maji yakakaa juu ya molasi, yakayeyusha urea, na asubuhi ng'ombe wenye kiu wakayanywa. Urea nyingi kwa mpigo hugeuka amonia na kuingia kwenye damu haraka kuliko ini linavyoweza kuidhibiti. Walitetemeka, wakatoa povu, matumbo yakajaa gesi. Waliowahi kunyweshwa siki iliyochanganywa na maji mengi ya baridi walipona, wengine wakaliwa na mbwa. Tangu siku hiyo kila hori kijijini lina kipande cha bati juu yake.

Watu wa semina husema molasi imeokoa ng'ombe. Mimi naona imechukua nafasi ya safari. Njia za kaskazini zilikuwa zinazibwa na mashamba mwaka hadi mwaka, na mwanzoni mwa 2014, wakulima na wafugaji walipouana Kiteto, hakuna mzazi aliyethubutu tena kutuma mtoto na kundi huko. Watoto wa kaka wamesoma bila kukatiza kiangazi hata kimoja. Lakini safari hatukuilipia pesa. Molasi inataka fedha mkononi mwezi Juni, na fedha ya mfugaji ina miguu minne. Baba aliugua moyoni kuuza maksai mnene ili kumlisha aliyekonda. Kaka alimpigia hesabu kwamba huyohuyo maksai ifikapo Oktoba atauzwa kwa bei ya ngozi. Walibishana misimu kadhaa, na kila msimu maksai aliuzwa.

Bei nayo haikutulia. Viwanda vya spiriti vikaitaka molasi, tukaanza kuigombea. Tukahamia mashudu ya alizeti, maana mashine za kukamua zilikuwa zimezagaa Dodoma na Singida, kisha malori yakaanza kuyapeleka Kenya na mashudu yakapanda vilevile. Siku hizi kaka anachanganya, molasi kidogo, mashudu kidogo, na matunda ya mikungugu yaliyosagwa mashineni, ambayo anayanunua kwa watoto kwa debe.

Kuna mwaka mvua zilikatika Februari na majani yenyewe hayakuota. Mahori yalijaa molasi, na ng'ombe walikonda wakilamba. Vijidudu vilipata sukari na naitrojeni bila kuwa na nyasi za kusaga, na tukauza nusu ya kundi kwa bei ya aibu. Kaka akaenda Shinyanga kuangalia ngitiri za Wasukuma, yale malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi. Sasa ametenga kipande cha chini, karibu na korongo, amekizungushia miiba, na ng'ombe hawakikanyagi kuanzia Januari. Jirani zake wanalalamika kwamba anaficha majani wakati yanaota bure kila mahali. Molasi ya mwaka huu ameshainunua, mapipa yamo ghalani, na hatayafungua mpaka siku atakapoondoa ile miiba.