Mkanda Unaokaba

Nilianza kazi kwenye cherehani. Karakana ilikuwa karibu na Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, eneo ambalo watu wa gereji mpaka leo wanaliita Grogan, na kazi yangu ilikuwa kuvalisha viti vya magari: sponji, ngozi bandia, uzi mnene na sindano zinazokatika kila mara. Mikanda ya usalama ilinijia kwa amri ya serikali. Mwishoni mwa 2003, Waziri wa Uchukuzi John Michuki alitoa kanuni zake: kila matatu iwe na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, na mkanda kwa kila abiria. Siku ya mwisho ilikuwa Februari mosi, 2004.

Januari yote hiyo tulikula tukiwa tumesimama. Matatu za abiria kumi na wanne zilijipanga mpaka barabara kuu, kila mwenye gari akitaka lake liwe la kwanza, na tarehe ilipofika mengi yalikuwa bado hayajakamilika. Watu wa Nairobi walitembea kwa miguu kwenda kazini. Mimi nilikuwa chini ya viti na spana mkononi, nikifunga bolti kwenye sakafu ya mabati.

Mikanda hiyo ya matatu ilikuwa ya kiunoni tu. Ukishaifunga unaikaza mwenyewe kwa mkono, haina springi wala meno. Abiria waliilalamikia kwa uchafu, maana ilichafua mashati meupe ya watu wa ofisini, lakini sikumsikia hata mmoja akisema imemkaba. Lalamiko hilo lilikuja na magari madogo yaliyotumika kutoka Japani, yenye mkanda unaopita begani na kuingia kwenye kikasha kilichojificha chini ya nguzo ya mlango. Wenye magari hayo walikuja wameshika kifua. "Fundi, huu mkanda unaninyonga. Nikifika Limuru siwezi hata kupumua."

Mzee aliyenifundisha ushonaji alikuwa ameshafanya kazi na vikasha hivyo kwa muda mrefu, na alikuwa na kovu refu kiganjani lililotokana navyo. Siku moja alichukua kikasha kibovu cha gari lililokwisha kufa, akanikalisha kando. "Binti yangu, upande huu usiufungue hata siku moja," akaniambia, akigonga kifuniko cha pembeni. Humo mna springi bapa iliyokunjwa kwa nguvu nyingi, na ikiruka inakata nyama. Ndiyo inayorudisha mkanda ndani kila unapouachia. Kisha akanionyesha upande wa pili. Palikuwa na gololi ya chuma iliyokaa ndani ya kikombe kidogo, juu yake kijiti cha plastiki, na juu ya kijiti gurudumu la meno. Aliinamisha kikasha polepole mpaka gololi ikapanda ukingo wa kikombe na kuinua kijiti, nacho kijiti kikashika jino. Nikavuta mkanda. Haukutoka hata kidogo.

Kazi yangu yote iliyofuata ilitokana na dakika hizo chache. Gari likifunga breki ghafla, au likigonga, gololi inapanda na mkanda unashika. Kuna pia kinga ya pili: hata gari likiwa limesimama, mkanda wenyewe ukivutwa kwa ghafla unashika, na ndiyo maana mtu mwenye haraka akiuvuta kwa nguvu anagomewa nao mlangoni. Mambo hayo mawili yapo ili yaokoe uhai. Kukaba kunakuja pale springi inapoendelea na kazi yake huku jino limekwama. Springi haichoki kuvuta. Ukiegemea nyuma kidogo, au gari likiruka shimo na mwili wako ukashuka kwenye kiti, springi inakusanya ule ulegevu mdogo uliopatikana. Mkanda mzima ungekurudishia ukiinama tena. Uliokwama haurudishi. Kwenye barabara ya changarawe, baada ya nusu saa, dereva amefungwa kwenye kiti na anaona kana kwamba gari lina nia mbaya naye.

Kwa hiyo mteja akifika siulizi kwanza ni gari gani. Nauliza mkanda unakaba wapi. Kila mahali? Mlimani tu? Baada ya kugongwa? Kiti gani?

Uchafu ndio ugonjwa wa kawaida kuliko yote, hasa kwenye magari ya teksi. Jasho, vumbi jekundu na mafuta ya mwili huufanya mkanda uwe mgumu kama mkeka wa zamani, na pete ya juu ambamo mkanda unapita hujaa utando mweusi. Mkanda wa namna hiyo hurudi kwa shida na hutoka kwa mikwaruzo, na kila mkwaruzo unaamsha kinga ya pili. Nauvuta wote nje, naubana kwa kibanio usirudi, nauosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha nauacha ukauke kabisa kabla ya kuuachia. Pete naisugua kwa kitambaa mpaka kidole kiteleze. Jiki haiingii hapo, maana inaua nyuzi. Mafuta ya kulainishia nayo siyapaki, hata mteja akiniletea kopo lake mwenyewe, kwa sababu vumbi la Nairobi likikutana na mafuta hugeuka kuwa gundi.

Wapo wanaokabwa mlimani tu. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniletea gari ambalo mkanda wa dereva ulishika kila alipopanda kilima cha kwao. Alikuwa amelinunua kwa mtu, na rangi ya mlango wa kulia ilikuwa mpya kuliko ya mlango wa kushoto. Nilitoa plastiki ya nguzo, nikachukua timazi niliyokuwa nimeazima kwa mwashi wa jirani, nikaining'iniza kando ya kikasha. Uzi ulishuka wima. Kikasha kilikuwa kimelala nyuma, kwa sababu nguzo ilikuwa imekunjika kwenye ajali na fundi wa bodi aliinyoosha kwa nje, penye kuonekana, akaacha sehemu ya chini ya bolti imepinda. Kanuni Na. 16 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu mikanda ya magari, inataka kikasha kisishike kikiinamishwa nyuzi 12 au chini ya hapo, na kiwe kimeshika kikipita nyuzi 27. Gari la mwalimu lilikuwa limekula sehemu ya nafasi hiyo likiwa tambarare. Kilima kikamaliza iliyobaki. Kikasha hakikuwa na kosa lolote. Nilimpeleka kwa fundi wa bodi na timazi mkononi, nikasimama hapo mpaka sehemu ile iliponyooka.

Wanawake walianza kunitafuta kwa jina. Waliniambia mambo ambayo wasingeyasema mbele ya vijana wa gereji: kwamba mkanda unapita shingoni, kwamba unabana matiti, kwamba mjamzito hajui auweke wapi, na kwamba wengine wanaupitisha chini ya kwapa ili wapumue. Hilo la kwapani linanitia hofu mpaka leo, kwa sababu gari likigonga, mbavu ndizo zinazopokea uzito wote. Mara nyingi pete ya juu inashuka kwa kubonyeza kitufe tu, na hakuna aliyewahi kuwaonyesha. Mjamzito namwekea mkanda wa chini kwenye mifupa ya nyonga, chini kabisa ya tumbo, na wa juu katikati ya kifua, upite kando ya tumbo.

Mama mmoja alikuja na mtoto nyuma, uso umemvimba kwa kulia. Mtoto alikuwa ameuvuta mkanda mpaka mwisho akichezea, na tangu hapo kila alipojisogeza mkanda ulirudi kwa sauti ya tik-tik na kukataa kutoka.

"Mama, mfungue mtoto kwanza," nikamwambia.

"Mafundi wawili wameniambia ninunue mpya."

Nilimfungua mtoto, nikauacha mkanda urudi wote ndani mpaka sauti ile ikanyamaza, nikauvuta tena. Ulitoka vizuri. Baadhi ya magari yana mikanda ya abiria ambayo ukiitoa yote inabadilika: inakuwa ya kurudi tu, ili mzazi aweze kukaza kiti cha mtoto kisitikisike. Ni ufundi mzuri sana kwa kiti. Kwa mtoto anayecheza ni hatari kubwa, kwa sababu mkanda ukimzunguka shingoni katika hali hiyo hauwezi kulegezwa kwa kuvuta. Mzazi afungue kifungo mara moja, na ikishindikana akate mkanda. Tangu siku hiyo kila gari lenye watoto linalopita kwangu linaondoka na maelezo hayo, yaombwe yasiombwe, na mkasi mdogo nimewaambia wengi wauweke karibu na dereva.

Kuna mikanda ambayo siitengenezi. Magari yenye mifuko ya hewa mara nyingi yana kibomba kidogo cha baruti kinachoukaza mkanda kwa ghafla wakati wa ajali. Kikishalipuka, mkanda hushika na hautarudi kuwa mzima tena. Kijana mmoja alininyooshea ufunguo wa gari alilolinunua kwa bei nzuri, mikanda yote miwili ya mbele ikiwa imegoma, vifungo vimezama chini. Ilibidi nimweleze kwamba gari lake limewahi kugonga vibaya, na kwamba mikanda ile inabadilishwa mizima. Alikaa kwenye ngazi ya karakana muda mrefu bila kusema neno.

Ombi linaloniumiza zaidi ni la kutoa jino. Dereva mmoja wa teksi alinitaka niking'oe kile kijiti juu ya gololi na kuizima kinga ya pili pia, mkanda uwe unatoka na kurudi bila kushika, ili askari auone begani na yeye asafiri kwa starehe. Nilikataa. Akaniambia pesa ni zake na kifua ni chake, akapeleka gari karakana ya pili kutoka kwangu. Nilimfuata. Fundi wa pale ni rafiki yangu, nikamweleza mbele ya mteja kwamba akiziondoa kinga hizo mbili, huyu mtu atavaa utepe tu, na usukani ndio utakaompokea. Tulibishana mpaka vijana wakaacha kazi kutusikiliza. Mwisho tulikubaliana angalau tukifungue kikasha kutoka kwenye nguzo tukitazame. Tulikipuliza kwa hewa kavu, tukakitikisa wima. Kokoto ndogo ilidondoka kwenye saruji, na gololi ikaanza kucheza. Tulikirudisha, tukazunguka mtaa wa nyuma sote watatu, na kila alipofunga breki mkanda ulishika, akisimama ukaachia. Alilipa, nami na jirani tukagawana.