Blanketi la Kibuye na Ajuza wa Simbi

Tembea uone, walinena wahenga. Mwenye kutaka kuijua Kisumu na aende soko la Kibuye siku ya Jumapili. Kando ya barabara iendayo Kakamega utapata omena, majembe, vitanda, na marobota ya mitumba yakifunguliwa huku wauzaji wakipaaza sauti.

Hapo ndipo binti yangu wa miaka saba alipong'ang'ania blanketi. Lilikuwa dogo, la kujifunikia kwenye kochi, jororo kama kifaranga. Lakini picha zake! Msitu mweusi, mbwamwitu mwenye macho mekundu, na ajuza akisukumwa na watoto wawili ndani ya tanuri.

"Hilo lina joto, mama. Baridi ya mvua hutaijua tena," muuzaji akanishawishi. Nikalipa.

Tulikuwa ndani ya matatu, tukielekea Kendu Bay kumwona mama yangu, binti yangu aliponiuliza: "Mama, mbona wanamchoma nyanya?"

Nikamweleza kwamba hiyo ni ngano ya Hansel na Gretel, iliyochapishwa na ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, mwaka wa 1812. Ajuza huyo ni mchawi alaye watoto. Sikumwambia kwamba huko Ulaya, katika karne zilizopita, maelfu ya wanawake waliuawa kwa kushukiwa uchawi. Wala sikumwambia kwamba mwaka wa 2008, katika nchi jirani ya Wakisii, wazee wetu wenyewe walichomwa moto kwa shutuma zizo hizo.

Karibu na Kendu Bay tuliteremka kwenye ziwa dogo la Simbi Nyaima. Ni la mviringo, na maji yake ni ya kijani kibichi, yenye magadi, ilhali Ziwa Victoria lenye maji baridi li hapo karibu tu. Wataalamu husema ni shimo la volkano. Wajaluo wana maelezo yao, na jina lenyewe lasema: Simbi iliyozama.

Yasimuliwa kwamba usiku mmoja wa mvua, ajuza mgeni mwenye njaa alifika kijijini watu wakiwa kwenye karamu. Walevi wakamfukuza. Mama mmoja tu ndiye aliyemkaribisha, akamlisha na kumketisha karibu na moto. Ajuza akamwonya ahame usiku huo huo. Mvua ikazidi, na kijiji kizima kikamezwa na maji.

"Kwa hivyo huyu si mchawi?" binti yangu akauliza.

"Huyu ni mgeni."

Si kwamba ngano zetu hazina mazimwi. Apul-Apul amewatisha watoto wengi wa Kijaluo. Lakini mzazi mwenzangu, mtoto ajuaye tu ajuza wa tanuri atajifunza kuwaogopa wazee. Msimulie na yule wa Simbi. Marehemu Asenath Bole Odaga, mwandishi wa Kisumu, alitukusanyia ngano kama hizi katika kitabu *Thu Tinda!* cha mwaka wa 1980. Kisingizio hatuna.

Jioni upepo wa ziwani ulivuma. Mama yangu alikuwa ameketi barazani, mikono kifuani. Binti yangu akalileta blanketi lake jipya, akamfunika mabegani.

"Nyanya," akasema, "sogea karibu na moto."